Mjusi wa Tendaguru na Mtoto wa Miyuji

Mtoto mdogo hupenda kitu kikubwa. Yamkini sababu ya mapenzi hayo ni kwamba yeye mwenyewe ni mdogo katika kila nyumba aingiayo. Kiti kimemzidi kimo, komeo la mlango liko juu ya kichwa chake, na amri zote hutoka juu zikaja chini. Amwonapo tembo, au asikiapo habari za zimwi, hupata kiumbe ambaye mbele yake hata baba na mama ni wadogo. Hapana taifa lililokosa mnyama wa kutisha katika ngano zake, wala si rahisi kumpata mtoto aliyekataa kusimuliwa ngano hiyo mara ya pili. Mapenzi haya si upuuzi. Ni mlango ulio wazi, na mlezi mwenye busara huupitishia elimu.

Katika zama hizi mlango huo umeingiliwa na wanyama wapya, ambao kwa hakika ni wa kale kupita wote. Nao ni dinosaria, wanyama waliotamalaki nchi kavu kwa muda mrefu kabla ya binadamu, wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Watu waliokwisha kukomaa huwajua kwa mifupa yao. Watoto huwajua kwa katuni. Mojawapo ya katuni hizo, iitwayo Dinosaur Train, ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2009. Ilibuniwa na Craig Bartlett na kutengenezwa na kampuni ya Jim Henson. Ndani yake mna dinosaria mchanga wa jamii ya wala nyama, jina lake Buddy, aliyeanguliwa katika kiota cha viumbe warukao, akalelewa pamoja na watoto wao kama ndugu. Jamaa hiyo hupanda treni ipitayo katika mahandaki ya wakati, ikashuka zama hii na zama ile. Kila kituo hukutana na mnyama mgeni, ikamwuliza anakula nini, anakaa wapi, na meno yake yana kazi gani. Kisha msomi wa kweli wa visukuku, Scott Sampson, alitokea mbele ya watoto akawaeleza yaliyo ya hakika, akawahimiza watoke nje wakayatazame maumbile kwa macho yao wenyewe.

Mtu hawezi kulaumu mafundisho ya namna hiyo. Mtoto anayefundishwa kuuliza kabla ya kusadiki amepewa mali isiyoibika. Lakini kila mafundisho huwa na yale yasemwayo na yale yasiyosemwa, na mara nyingi mtoto hujifunza yasiyosemwa upesi zaidi. Mfano wake waweza kuonekana Miyuji.

Miyuji ni kata ya jiji la Dodoma, upande wa kaskazini, penye njia iendayo Kondoa na Arusha. Ardhi yake ni ya uwanda wa kati: kavu, yenye miti ya miiba, yenye mvua ya msimu mmoja na kiangazi kirefu, na yenye mawe makubwa ya kijivu yaliyolala juu ya vilima kama mifugo iliyopumzika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba za matofali zimeongezeka kati ya mawe hayo. Uwele na mtama bado hupepetwa uani, kuku bado hupekua chini ya miti, na juu ya mabati madishi ya ving'amuzi yameelekezwa mbinguni.

Katika nyumba moja ya huko, jioni moja ya kiangazi, mtoto wa miaka mitano alikuwa ameketi juu ya mkeka akitazama katuni ya dinosaria katika simu ya mjomba wake. Bibi yake alikuwa karibu naye akipepeta uwele. Sauti za wanyama zilipozidi, bibi aliweka ungo chini, akainama kutazama.

"Mjukuu wangu, mnyama gani huyo mwenye shingo kama nguzo ya umeme?"

Mtoto akataja jina refu la kigeni, akilikata vipande vipande ili asilikosee.

"Hilo si jina, baba," bibi akasema. "Hicho ni kikohozi. Haya, anakula nini?"

"Majani, Bibi. Ya juu kabisa."

"Basi kwa siku anamaliza mti. Na kiangazi kikifika, anakunywa wapi?"

Mtoto akanyamaza. Katuni ilikuwa haijasema habari ya kiangazi. Mjomba wake, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amesimama mlangoni. "Mama," akasema, "mnyama huyo mwenye shingo ndefu ni wa kwetu. Mifupa ya mmoja wao ilichimbwa Lindi."

Mtoto akacheka, kama achekavyo mtu aliyetiliwa chumvi nyingi katika hadithi. "Si kweli, Mjomba. Hawa wanasema Kiingereza."

Jibu hilo lilichekesha watu waliokuwapo, lakini halikustahili kuchekwa tu. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alitumia akili yake sawasawa kwa ushahidi aliokuwa nao. Sungura na fisi wa bibi yake husema Kiswahili, na mara nyingine Kigogo; kwa hiyo ni wanyama wa nchi yake. Dinosaria aliowaona husema Kiingereza, majina yao ni ya kigeni, na treni yao haipiti Dodoma. Kwa hiyo ni wanyama wa nchi nyingine. Mtu mzima hupima uenyeji kwa hati na mipaka, mtoto huupima kwa lugha. Katuni haikumdanganya kwa neno lolote. Ilikaa kimya tu juu ya jambo moja, naye akaujaza ukimya huo kwa hoja iliyo sahihi na hitimisho lililo kosa. Akiachwa hivyo, kosa lake halitaishia kwa mnyama mmoja. Atakua akidhani kuwa vitu vikubwa vya elimu vina kwao, na kwao si kwake.

Kumbe mjomba alisema kweli. Tendaguru ni kilima kilicho mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka mji wa Lindi, upande wa kaskazini-magharibi. Mwaka 1906, nchi ya kusini ikiwa katika msukosuko wa vita vya Maji Maji, mhandisi wa Kijerumani Bernhard Sattler aliona huko mifupa mikubwa iliyotokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata Profesa Eberhard Fraas alifika akaikagua. Kisha, tangu 1909 hata 1913, jumba la makumbusho la Berlin lilipeleka msafara ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji walikuwa wenyeji, kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye ustadi wake wa kutambua na kufukua mifupa ulitegemewa na wageni wale wenye shahada. Mifupa ilikingwa kwa plasta na mianzi, ikafungwa mizigo, ikachukuliwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, na huko ikapakiwa merikebuni. Jumla yake ilizidi tani 200.

Hapa pana jambo ambalo mtoto wa Miyuji angelipenda kulijua, kwa kuwa yeye ni mtoto wa mji wa reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, katika miaka ile ile ya uchimbaji. Garimoshi lilipokuwa likipiga honi kwa mara ya kwanza katika nchi ya Ugogo, kule Tendaguru hapakuwa na reli wala gari. Dinosaria wa katuni hupanda treni; dinosaria wa Tendaguru walipanda vichwa vya watu. Majina mengi ya wapagazi hao hayakuandikwa popote panapojulikana na wasomaji wa leo. Lakini shingo, mbavu na paja la mnyama mkubwa vilivuka misitu ya Lindi juu ya mabega yao, na bila mabega hayo elimu ile isingalifika mbali.

Mwaka 1914 Janensch alimpa mnyama mkuu wa mkusanyo huo jina la Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Mifupa yake ilisimamishwa katika ukumbi wa Berlin mwaka 1937, na baada ya kusimamishwa upya mwaka 2007 kimo chake ni mita 13.27. Tanzania mnyama huyo hujulikana kwa jina la mjusi wa Tendaguru. Bungeni, katika Dodoma hiyo hiyo, imepata kuulizwa zaidi ya mara moja kama mjusi huyo atarudi, au kama watu wa Lindi watapata faida gani kwa kukaa kwake ugenini. Hivyo maswali juu ya mnyama ambaye mtoto wa Miyuji alidhani ni wa nchi za mbali yameulizwa katika jiji alimozaliwa.

Shauri la kurudisha mifupa ni zito, nalo lina wenyewe: serikali mbili, wanasheria, na wahifadhi wanaojua jinsi mfupa wa miaka milioni 150 unavyoweza kuvunjika safarini. Lakini pana urejeshaji mwingine usiohitaji meli wala mkataba, nao ni urejeshaji wa habari. Mnyama aweza kukaa Berlin na hadithi yake ikakaa Miyuji. Hali ya sasa ni kinyume cha haki hiyo: mifupa imekwenda, na hadithi imekwenda nayo, kisha hadithi imerudi kwa njia ya katuni ikiwa imebadili nguo na lugha, hata wenyeji hawaitambui inapobisha hodi.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba elimu hiyo. Hoja hii yafaa ipimwe kwa matendo ya wataalamu wenyewe. Neno dinosaria lilitokana na jina lililotungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kwa maneno mawili ya Kiyunani, na maana yake ni mjusi wa kutisha. Basi Mtanzania anayesema mjusi wa Tendaguru hakusema jambo la kishamba. Amekuja kwa miguu mahali pale pale alipofika Owen kwa Kiyunani. Tena wote wawili wamepatwa na kosa moja, kwa kuwa dinosaria hakuwa mjusi hasa. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kuwa ndege ni uzao wa dinosaria. Kuku apekuaye katika ua wa Miyuji ana udugu wa karibu zaidi na mnyama wa Tendaguru kuliko mjusi atambaaye ukutani.

Wala si hayo tu. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza mnyama wa kale sana kutoka kusini mwa Tanzania, jamaa wa karibu wa dinosaria, wakamwita Asilisaurus kongwe. Mwaka 2017 walitangaza dinosaria kutoka Songwe, wakamwita Shingopana. Mwaka 2019 dinosaria mwingine kutoka bonde la Rukwa, aliyefukuliwa kando ya mto Mtuka, alipewa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mwaka huo huo mifupa ya mkia iliyotoka Tendaguru ilipewa jina la Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Kwa hiyo wasomi wa London, Chicago na Beijing wakitaka kuandika habari za wanyama hao, hawana budi kukunja ndimi zao kwa maneno ya Kiswahili. Bibi wa Miyuji aliyeliona jina la kigeni kuwa kikohozi angelielewa "mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia" kabla msemaji hajamaliza, na pengine angeliuliza ni mkia gani huo uwezao kuwa na moyo. Swali hilo lingekuwa mwanzo wa somo la mifupa.

Haya ni majina yaliyochaguliwa zaidi na wageni, kwa heshima ya nchi na lugha yake. Ni jambo la kushukuru, na pia ni jambo la kufikirisha. Penye miti hapana wajenzi. Lugha imekwisha kukubaliwa katika daftari la elimu ya dunia, lakini mwenye lugha hajamsimulia mtoto wake.

Lipo pingamizi la pili, nalo hutolewa na wazazi wenye nia njema. Husema kwamba katuni ni uongo: wanyama hawasemi, hawapandi treni, wala kiumbe mla nyama halelewi na warukao. Wazazi hao wangekumbuka utoto wao. Hapana mtoto wa uwandani aliyekwenda porini kumwamkia sungura kwa sababu sungura wa hadithi ni msemaji. Mtoto hujua mpaka wa mchezo, na hadithi imwambiapo kuwa fisi alivaa kofia hukubali kofia akabaki na tabia ya fisi. Mchoraji naye ana ruhusa yake. Rangi ya ngozi ya mjusi wa Tendaguru imo katika kalamu ya mchoraji, lakini shingo ndefu, na miguu ya mbele iliyozidi ile ya nyuma, vimo katika mifupa. Mwalimu mwema humwonyesha mtoto lipi latoka kwenye kalamu na lipi latoka kwenye mfupa.

Njiani kuelekea Kondoa, huko Kolo na sehemu za jirani, zipo picha zilizochorwa juu ya miamba na watu wa kale: twiga, tembo, swala, na watu wembamba wenye nywele za ajabu. Picha hizo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wachoraji wale walikuwa wakiishi kati ya wanyama waliowachora. Mchoraji wa dinosaria huchora mnyama asiyeonwa na mtu yeyote, na msingi wake ni mfupa na hoja. Mtoto akizijua kazi hizi mbili atajua pia tofauti ya kushuhudia na kukisia kwa ushahidi, nayo ni tofauti ambayo hata watu wenye vyeo huisahau.

Kilicho na hatari katika katuni ni wakati. Kusema kwa mnyama hakumpotezi mtoto, lakini kuwaweka binadamu na dinosaria katika kijiji kimoja, kama zifanyavyo baadhi ya katuni, humtia kichwani kosa ambalo huchukua miaka kulitoa. Miaka milioni 150 haina maana kwa mtoto wa miaka mitano; haina maana hata kwa baba yake. Lakini mwalimu wa Miyuji aweza kuitumia barabara. Kutoka Dodoma hata Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Zikifanywa kuwa miaka milioni 150, kila mwaka ni milimita 3. Msafiri akitoka Dodoma zama za mjusi wa Tendaguru, atafuatana na dinosaria njia nzima mpaka karibu na Morogoro. Hapo watatoweka, wasibaki ila jamaa za ndege. Atasafiri kilomita 198 zilizobaki bila kuwaona. Binadamu wa namna ya leo atatokea katika kilomita ya mwisho, na muda wote tangu Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 utakuwa kipande kisichozidi shibiri moja. Somo hilo halihitaji umeme wala kitabu, na mtoto aliyewahi kusinzia ndani ya basi la Dar es Salaam ataliamini kwa kiuno chake.

Barabara hiyo hiyo itamjibu mtoto swali jingine, ambalo bila shaka ataliuliza: je, katika vilima vya Miyuji mna dinosaria? Jibu ni hapana, na yafaa asiambiwe hapana tupu. Mawe ya uwanda wa kati ni ya kale mno. Umri wa mengi yake umepita miaka milioni 2,500. Kwa kipimo kile cha barabara, msafiri angelipaswa kuanza mwendo kilomita 7,500 kutoka Dar es Salaam, na huko, kwa mstari wa ndege, ni mbali kupita Berlin. Mawe hayo yalipofanyika hapakuwa na mnyama yeyote wa kuacha mfupa. Kwa hiyo mtoto wa Miyuji akipanda jiwe nyuma ya nyumba yao, amepanda kitu ambacho mbele yake mjusi wa Tendaguru ni mtoto wa jana. Kukosa nako kuna elimu yake kwa anayeelezwa sababu.

Tena Dodoma yenyewe haikukosa hadithi ya kuanzia. Masimulizi ya Wagogo husema kwamba jina la mji latokana na neno Idodomya, yaani mahali palipozama, kwa sababu tembo alikwenda kunywa maji akazama topeni. Hii ndiyo njia mojawapo ambayo mifupa huhifadhiwa: mnyama mzito huingia tope, tope humfunika, na baada ya zama nyingi tope hugeuka jiwe na mfupa hugeuka jiwe ndani yake. Tendaguru nako baadhi ya miguu ya wanyama wakubwa ilikutwa imesimama wima ndani ya udongo, hata wachimbaji wakahukumu kuwa wenyewe walinasa wakiwa hai. Tembo wa Wagogo na mjusi wa Wamwera wameitwa mahali pamoja na tope. Mtoto anayejua jina la mji wake tayari ana nusu ya somo la visukuku.

Na swali la bibi, kwamba mnyama yule alikunywa wapi wakati wa kiangazi, lilikuwa swali la kitaalamu ingawa lilitoka kinywani mwa mtu aliyeshika ungo. Waliochunguza tabaka za Tendaguru wamesema kuwa nchi ile ilikuwa ya pwani, penye vidimbwi na maji ya bahari karibu, yenye majira ya mvua na majira makali ya ukame. Mnyama wa ukubwa ule hakuweza kuishi bila kujua njia za maji na za malisho. Mtu wa Ugogo, ambaye wazee wake walihamisha ng'ombe kwa kufuata mvua, analijua tatizo hilo kuliko mtazamaji wa mji wenye bomba. Elimu ya wenyeji haikuwa na jibu, lakini ilikuwa na swali lililo bora, na katika kazi ya uchunguzi swali bora ni nusu ya njia.

Je, kazi ya kutengeneza katuni ya namna hiyo yawezekana? Yamekwisha kuonekana yawezekanayo. Mwaka 2013 shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam, na mwaka 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kikaanza kuonyeshwa katika runinga ya taifa, kikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 2016 kikafuata kipindi cha watoto wadogo zaidi, Akili and Me, chenye mtoto wa miaka minne aitwaye Akili, akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kila alalapo huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza pamoja na rafiki zake wanyama. Uchunguzi wa Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliochapishwa mwaka 2018, ulifanywa kwa watoto wa chekechea wa Morogoro. Ulionyesha kuwa waliotazama Akili and Me waliendelea kuliko wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Kwa hiyo mkono upo, lugha ipo, na watazamaji wapo.

Hata hivyo katuni pekee haitoshi, iwe ya kigeni au ya nyumbani. Mtoto aliyeachwa peke yake na picha hupata picha. Akiwa na mtu kando yake, hupata picha na maana. Jioni ile ya Miyuji, kilichofanya mnyama wa katuni awe mnyama wa kweli ni bibi aliyeuliza habari za maji, na mjomba aliyetaja Lindi. Wawili hao hawakuwa na kipaza sauti wala kamera, lakini katika dakika chache walimletea mtoto habari ambayo katuni ilikuwa haijamfikishia. Wasomi wa lugha nao wana sehemu yao. Insha za kuisifu lugha ni nyingi na zina heshima yake. Zilizo chache ni kurasa ambazo mwalimu wa chekechea aweza kuzisoma leo na kuzisimulia kesho kwa maneno ambayo mtoto hatayaita ya watu wengine.

Mwandishi au mchoraji atakayeianza kazi hiyo hatakuwa na mzigo wa kuchimba. Mnyama amekwisha kufukuliwa, amekwisha kupimwa, na jamaa zake kadhaa wamekwisha kupewa majina ya Kiswahili. Kilichobaki ni msimulizi.